Fundi, breki unayofunga ni ya jirani yako



Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 kuna agizo linaloonekana dogo. Mtu akijenga nyumba azungushie dari yake ukuta, mtu asije akaanguka na nyumba ile ikabeba hatia ya damu. Dari za nchi ile zilikuwa bapa, na watu walipumzika juu yake. Mungu hamuulizi mjenzi kama alikusudia kuua. Anamtaka amfikirie mgeni asiyemjua, atakayepanda siku asiyoijua.

Jumapili hii naomba tulipeleke agizo hilo gereji.

Karatu ni mji wa magari. Magari ya watalii yanapita au kulala hapa kabla ya kupanda lango la Lodoare, ambako lami inaishia. Mbele ya hapo ni vumbi, mawe na miteremko. Barabara ya Seneto inalishusha gari hadi sakafu ya kreta ya Ngorongoro, kama mita 600 chini ya ukingo, na ya Lerai inalipandisha. Magari mengine yanabeba vitunguu kutoka Mang'ola, mengine yanawahisha wagonjwa hospitalini. Kwa njia hizi shokapu, springi na breki huchoka upesi, na fundi hakosi kazi.

Mafundi waaminifu wapo, tena wengi. Lakini michezo nayo tunaijua. Pedi za breki zilizoisha zinapigwa msasa na kurudishwa, mteja analipia mpya. Spea nzima inatolewa ikauzwe kwingine, inafungwa iliyochakaa. Spea bandia inatoka kwenye boksi lenye nembo inayoaminika. Oili inaongezwa kidogo tu, risiti inasema imebadilishwa yote.

Fundi wa namna hiyo hachezi peke yake. Dereva anamwomba aweke cha juu, wagawane. Muuza spea anaandika risiti mbili, moja ya bei halisi na nyingine ya kumpelekea bosi. Bosi naye, kwa kuwa ni msimu wa wageni, anataka gari liwe barabarani kesho alfajiri. "Funga chochote," anasema, na ujira wa fundi anaulipa baada ya miezi.

Kumbukumbu la Torati 25:13 inakataza kubeba mfukoni mawe mawili ya kupimia, moja kubwa na jingine dogo. Risiti mbili ndiyo mawe mawili ya siku zetu. Na Yakobo 5:4 inamwonya tajiri kwamba kilio cha kibarua aliyenyimwa ujira kinamfikia Mungu. Kwa hiyo bosi naye ajitazame kabla ya kumnyooshea fundi kidole.

Atakayesema maisha ni magumu na hizo ni fedha kidogo, amkumbuke Zakayo. Aliahidi kurudisha mara nne, na aliweza kuahidi hivyo kwa sababu alichochukua kilikuwa mali. Aliyeiba kwenye breki atarudisha nini mara nne?

Watu wa Karatu hawahitaji kuelezwa jinsi mteremko unavyoweza kuiliza nchi. Mei 6, 2017, basi la wanafunzi wa Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni Rhotia, wakafariki watoto 32, walimu wawili na dereva. Siihusishi ajali ile na gereji yoyote. Nasema tu kwamba nchi iliyozika watoto wale haiwezi kuiita breki mbovu jambo dogo.

Tufanye nini? Mwenye gari, patana kazi na bei kwa maandishi kabla nati haijafunguliwa. Omba spea ya zamani uondoke nayo. Lijaribu gari mahali tambarare kabla ya kulipeleka mlimani. Dai risiti, na ukikutana na spea bandia toa taarifa Tume ya Ushindani (FCC). Kisha mlipe fundi kazi inapokwisha. Fundi mkweli akikutajia bei ya spea halisi, usimkimbie kwa sababu jirani yake ametaja nusu. Tukiwaadhibu wakweli, tusishangae mji ukijaa waongo.

Nawe fundi, kazi yako ina heshima. Marko 6:3 inatuonyesha watu wakimwita Bwana wetu seremala. Mikono yake ilizijua zana. Mteja akikosa fedha za breki, mwambie gari halitoki. Utapoteza kazi ya siku moja, lakini utakuwa umejenga ukuta kwenye dari ambayo watoto wa watu watapanda.

Sisi viongozi wa makanisa tuseme haya madhabahuni pia. Hatuwezi kupokea fungu la kumi la cha juu kisha tukanyamaza.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Lakini gari likishindwa kusimama Seneto, mwongo anakuwa mjini anakunywa chai. Njia iliyokatishwa ni ya yule aliyemwamini. Mungu atamuuliza habari zake.

Bwana aibariki mikono ya mafundi wetu, aisafishe na mioyo ya sisi tunaowatuma. Jumapili njema.