Kuchongesha Jiko: Mbao, Mawe na Maandishi



Imeenea katika miji yetu ya pwani ada ya kuchongesha jiko la kisasa, makabati ya mbao na juu yake bao la jiwe. Hatuoni ubaya katika hilo. Dini haikuharamisha kilicho kizuri. Tunachokiona mara kwa mara ni ugomvi: mume ameshalipa, fundi amekasirika, na mama wa nyumba, naye ndiye apikaye, ameletewa jiko ambalo hakushauriwa.

Basi na tuanze na yeye. Asimame mahali atakapokatia vitunguu, na kimo cha kaunta kipimwe chini kidogo ya kiwiko chake. Aulizwe mbuzi ya kukunia nazi itakaa wapi, na kinu je, kwani bao la jiwe lililolazwa juu ya makabati si mahali pa kutwangia.

Pili, kila kitu kiwekwe mahali pake. Marumaru ni jiwe la jamii ya chokaa. Ndimu, siki na ukwaju hulila na kuliachia alama. Graniti huvumilia zaidi. Mvule na mbambakofi hustahimili mchwa, lakini bodi ya unga wa mbao ikinywa maji ya sinki hufura. Bawaba za chuma cha kawaida huliwa na kutu kwa hewa ya bahari. Za shaba ni bora.

Tatu, andikeni. Makubaliano ya kutengenezewa kitu mafakihi huyaita istisnaa, na sharti yake ni kitu kielezwe pasibakie utata: aina ya mbao, unene wa jiwe, vipimo na bei. "Mbao nzuri" si maelezo. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, yatuamrisha kuandika deni la muda maalumu na kuweka mashahidi. Na salio la fundi ni deni. Kazi ikikamilika kama ilivyoandikwa, alipwe kabla jasho lake halijakauka, kama alivyotufunza Mtume (S.A.W.).

Na ambaye hali haijamruhusu, bao la saruji lililosakafiwa vyema lamtosha, na jiwe litakuja Allah akijaalia. Jiko la mkopo wa riba haliongezi ladha ya mchuzi. Huiondolea nyumba baraka.

Wabillahi tawfiq.