Malalamiko Yasiyoonekana

Tukisikia maoni ya uongo mtandaoni, wengi wetu tunamfikiria mtu aliyelipwa kusifu bidhaa ambayo hajawahi hata kuishika. Watu hao wapo, tena wengi. Lakini naomba tuanze na uongo mwingine, ambao kila neno lake ni kweli.

Kampuni ya nguo ya Fashion Nova, ya Marekani, iliwakaribisha wateja watoe maoni kwenye tovuti yake. Aliyetoa nyota nne au tano, maoni yake yalitokea moja kwa moja. Aliyetoa pungufu, yake yalisubiri idhini. Kwa mujibu wa Tume ya Shirikisho ya Biashara (FTC), tangu mwishoni mwa 2015 hadi Novemba 2019 idhini hiyo haikutolewa, na maoni laki kadhaa hayakuonekana kamwe. Januari 2022 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 4.2 ili kumaliza shauri.

Sasa mfikirie mnunuzi. Anasoma kwamba gauni limemkaa mtu vizuri. Aliyeandika ni mteja halisi, na gauni lilimkaa kweli. Achunguze lugha, tarehe, picha, hatakuta kasoro. Ndiyo maana sikubaliani na ushauri tunaopewa kila siku kwamba mnunuzi awe macho. Macho yataona nini, ikiwa kilichomponza ni kile kilichoondolewa?

Dar es Salaam na Mombasa kazi hii hufanywa kwa mkono. Muuzaji wa Instagram anafuta komenti ya aliyeletewa viatu visivyo namba yake, anamfungia asirudi, kisha anaposti skrinishoti za meseji za walioridhika. Anayetuma pesa kesho yake anakuta shukrani tupu.

Kanuni ya FTC iliyoanza kutumika Oktoba 2024 haiishii kwenye sifa za kununuliwa. Inamkataza pia mfanyabiashara kuonyesha kwamba maoni ya tovuti yake ni ya wateja wote au wengi wao, ilhali ameficha yale mabaya. Uingereza, tangu Aprili 2025, faini kwa maoni bandia inaweza kufikia asilimia 10 ya mapato ya kampuni duniani kote.

Tanzania tuna Sheria ya Ushindani ya 2003, Kenya wana Sheria ya Kumlinda Mlaji ya 2012. Zote mbili zinakataza kumpotosha mnunuzi. Tunachoomba ni mamlaka zitamke waziwazi kwamba kufuta lalamiko la mteja halisi ni kupotosha, na skrinishoti aliyoihifadhi mteja huyo ipokelewe kama ushahidi.