Mtungi ni wangu, ukuta ni wa mwenye nyumba

Barua ya wazi kwa Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Mbagala, Dar es Salaam, nikiwa nimekaa kizingitini mwa chumba changu. Maharage yanachemka ndani. Chumba kina dirisha moja, nalo linatazamana na ukuta wa jirani kwa umbali wa mkono, kwa hiyo nimejizoesha kuacha mlango wazi mpaka chungu kiive. Wapangaji wenzangu wanapita, wanasalimia, wanajua leo nimeunga kwa nazi au kwa mafuta. Kwa mpishi wa chumba kimoja, faragha ni kitu cha baada ya chakula.

Najua malalamiko ya gesi huelekezwa kwa Waziri wa Nishati. Nimemwacha kwa makusudi, maana upande wake mambo yanakwenda. Mei 2024 Rais alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Wakala wa Nishati Vijijini umesambaza mitungi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku. Mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA, inatoa leseni kwa wauza gesi. Mtungi, kwa ufupi, umefika mlangoni. Kuanzia mlangoni kwenda ndani ni himaya ya mwenye nyumba, na nyumba ziko kwako.

Humo ndani ndimo ninamotaka uingie nami.

Nyumba ninayoishi ni ile tunayoiita ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kushoto na vitatu kulia, nyuma ua. Waliobuni nyumba hizi walijua moto ni wa kuheshimiwa, kwa hiyo jiko walilipeleka uani, pamoja na moshi wake. Zilipokuja kodi, ua ukaanza kuliwa. Jiko letu la uani sasa ni chumba cha saba. Anaishi humo kijana wa bodaboda, na ukitazama vizuri ukutani bado utaona masizi yaliyopita juu ya chokaa. Jiko halikubomolewa wala halikuhamishiwa kokote. Liligawanywa tu kimyakimya, kila mpangaji akaondoka na kipande chake, akakiweka kati ya kitanda na ndoo ya maji.

Wakati wa jiko la mafuta ya taa mpangilio huu ulikuwa mbaya. Kwa gesi ni mbaya kwa namna nyingine, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha barua yangu. Gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani, na zote mbili ni nzito kuliko hewa, mara moja na nusu hadi mara mbili. Ikivuja haipandi kutafuta dirisha. Inatambaa sakafuni kama maji yaliyomwagika, inaingia uvunguni mwa kitanda, inajaa kwenye kona walikolala watoto, inasubiri. Kilo moja ya gesi ikishatoka mtungini hujaza karibu nusu mita ya ujazo. Chumba changu kina mita 3 kwa 3, na dari iko mita 2.7 kutoka chini, yaani kama mita 24 za ujazo. Mchanganyiko huu huweza kushika moto pale gesi inapofikia takribani asilimia 2 ya hewa. Ukipiga hesabu utaona kwamba kilo moja tu, sehemu moja kati ya sita ya ule mtungi mdogo tunaouona hauna madhara, inatosha kukifanya chumba kizima kiwe cha kulipuka. Na kwa kuwa gesi haijigawi sawasawa bali hujilundika chini, hata kilo hiyo ni nyingi.

Kwa hiyo dirisha langu, hata lingekuwa linatazama bahari, lingesaidia nusu tu. Kinachookoa ni tundu la chini, usawa wa sakafu, linalotoka nje moja kwa moja. Sijaona nyumba ya kupanga mtaani kwetu yenye tundu hilo. Yale matofali ya matundu ambayo mafundi wa zamani waliyaweka juu ya milango nayo yanazibwa, sehemu nyingine kwa sababu ya mbu, sehemu nyingine kwa sababu mwenye nyumba ameongeza fremu ya duka ubavuni. (Wenye nyumba waliounganishiwa gesi asilia ya bomba, kule Mikocheni au Mtwara, wao mambo ni kinyume: ile ni nyepesi kuliko hewa, hupanda, na tundu lake linatakiwa liwe juu. Gesi mbili, matundu mawili. Fundi asiyeambiwa hawezi kujua.)

Masika ya mwaka jana, mnamo saa nane za usiku, niliamshwa na harufu. Panya alikuwa ametafuna mpira wa gesi katika chumba cha pili kutoka kwangu, na jirani yangu alikuwa amelala bila kufunga koki ya mtungi. Gesi ilikuwa imepita chini ya mlango wake na kujaa ukumbini. Watu wanne tulitoka kwa wakati mmoja gizani, na mmoja wetu alikuwa tayari ameshapeleka mkono kwenye swichi ya taa. Mzee wa chumba cha mbele ndiye aliyepiga kelele: "Msiwashe kitu!" Tukafungua milango yote miwili ya ukumbi, tukapapasa mpaka kwenye mtungi, tukaubeba hadi uani. Kisha tukakaa barazani mpaka alfajiri, tukitazamana kama watu waliofiwa na mtu ambaye bado hajafa. Hapakutokea kitu, ndiyo maana hukusoma habari zetu popote.

Asubuhi Mama mwenye nyumba akapashwa habari. Jioni tukakuta karatasi imebandikwa ukumbini: MARUFUKU KUPIKA NA GESI NDANI.

Mheshimiwa, hebu tuisome karatasi ile kwa utulivu. Uani hakupikiki, kuna mpangaji. Jiko la umeme lilishakatazwa tangu mwanzo, kwa sababu vyumba saba vinatumia mita moja ya umeme wa kulipia kabla, LUKU, na kila wiki tunagombana nani amemaliza yuniti. Kinachobaki ni mkaa, na mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu na huua mtu akiwa usingizini bila kumpa hata nafasi ya kukohoa. Gesi ya mtungi angalau wameitia harufu makusudi ili ijulikane ikivuja. Kwa hiyo katazo lile, lililotolewa kwa nia njema, lilitutoa kwenye hatari inayonuka na kutupeleka kwenye hatari isiyonuka. Wiki ya pili kila mtu alikuwa amerudia gesi yake, ila mwanzoni kwa kujificha, mlango umefungwa na khanga imetandazwa chini yake ili harufu ya mchuzi isitoke.

Sina nia ya kumfanya Mama mwenye nyumba aonekane mkorofi. Ni mjane, na vyumba hivi ndivyo pensheni yake. Pia sisi wapangaji tuna makosa yetu, na hayo hayawezi kubebeshwa mwingine. Mpira uliopasuka ni wangu kuubadilisha. Regulata ni yangu, na kuipaka povu la sabuni kuona kama inatoa mapovu ni kazi ya dakika moja ambayo wengi hatuifanyi. Kufunga koki kabla ya kulala ni juu yangu. Kinachonisumbua ni kwamba kampeni zote za usalama wa gesi nilizosikia zinazungumza na mimi peke yangu: nunua kwa wakala halali, weka mtungi mahali penye hewa, usiuweke karibu na moto. Mahali penye hewa wapi? Siruhusiwi kutoboa ukuta. Mkataba wangu, ambao ni karatasi moja iliyotolewa kopi mpaka herufi zimefifia, unasema nisipigilie hata msumari bila idhini.

Sheria ipo, na ni ya wizara yako. Kifungu cha 88 cha Sheria ya Ardhi ya 1999 kinampa mwenye nyumba wajibu hata kama mkataba haukuuandika: chumba anachokipangisha kiwe kinafaa binadamu kuishi siku mpangaji anapoingia, na kiendelee kufaa muda wote wa upangaji. Hayo ni maneno mazito, na nadhani mahakama yoyote makini ingekubali kwamba chumba ambacho lazima upike ndani yake na hakina pa kutolea gesi hakifai. Lakini nani atakwenda huko? Mpangaji wa Dar es Salaam amelipa miezi sita mbele, pengine mwaka, na dalali kachukua mwezi wake. Pesa zake zimeshaondoka kabla hajajua paa linavuja wapi. Akilalamika, mkataba haurudiwi. Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi, ile ya 1984, ilifutwa mwaka 2005. Silii ifufuliwe, ilikuwa na matatizo yake, ila tangu ilipoondoka uhusiano wetu na wenye nyumba umeachiwa soko na hisani.

Uingereza wana kanuni za gesi za mwaka 1998 ambazo nazitaja kwa jambo moja tu. Mwenye nyumba anatakiwa kuhakikisha majiko ya gesi aliyoyaweka yeye yanakaguliwa kila baada ya miezi 12 na fundi aliyesajiliwa, na mpangaji apewe nakala ya hati ya ukaguzi ndani ya siku 28. Hatuwezi kuiga hayo Mbagala kesho. Mafundi hao hatuna wa kutosha, na mtungi wangu si mali ya mwenye nyumba. Ninachokipenda ni namna walivyochora mstari. Jiko alilokuja nalo mpangaji ni la mpangaji. Bomba linalopita ndani ya ukuta ni la mwenye nyumba, maana mpangaji akihama halihami naye. Kwetu kisichohama ni tundu la hewa, dirisha, na nafasi ya kuweka mtungi nje ya chumba cha kulala. Hivyo ndivyo ninavyoomba viwe wajibu wa mwenye nyumba, kwa maandishi, kwa lugha ambayo mjumbe wa shina anaweza kuisoma kwa sauti.

Wizara inaweza kuanza na kanuni fupi chini ya sheria iliyopo. Chumba kinachopangishwa kwa ajili ya kuishi, kama nyumba haina jiko la pamoja, kiwe na tundu la kudumu usawa wa sakafu linalotoka nje, na jingine juu. Asiyetaka kutoboa arudishe jiko la uani. Kwenye ghorofa za kupanga ambako mwenye jengo mwenyewe amepitisha mabomba ya gesi kutoka kwenye mitungi mikubwa ya nje, yeye ndiye ayapime, na aonyeshe karatasi kabla ya kupokea kodi. Mpangaji anayetoa taarifa ya kuvuja asifukuzwe kwa sababu hiyo. Na vibali vipya vya ujenzi visipite bila mchoro kuonyesha mtungi utakaa wapi. Hili la mwisho ndilo rahisi kuliko yote na sielewi kwa nini tunalisubiri, ilhali jiji lenye watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya 2022 linajengwa upya kila siku mbele ya macho yetu.

Nitaambiwa haiwezekani kukagua chumba kwa chumba. Serikali ilipotaka kodi ya jengo, mwezi Agosti 2021, ilizifikia nyumba zetu kupitia LUKU bila kubisha hodi hata mara moja. Nami mpangaji, kila ninaponunua umeme, namlipia mwenye nyumba kodi ya jengo lake. Silalamiki sana, nasema tu kwamba njia ya kutufikia inajulikana. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ambaye mikataba yetu mingi hupitia kwake kwa ajili ya mhuri, anaweza kuongeza swali moja kabla hajagonga mhuri: hewa inatokea wapi? Halihitaji mhandisi. Linahitaji mtu kuinama na kutazama chini.

Gharama nimeijaribu mwenyewe. Mwezi uliopita nilimwita fundi uashi, akatoboa ukuta wangu wa nyuma kwa patasi na nyundo, akaweka kipande cha bomba la plastiki na wavu wa chuma kuzuia panya. Kazi ilimchukua muda wa kunywa chai mbili. Nilimlipa mimi, bila idhini ya mtu.

Mama mwenye nyumba alikuja Jumapili kuchukua hela ya maji. Alisimama mlangoni, akaliona tundu, akaliangalia kwa muda mrefu. Kisha akauliza siku nikihama, nani ataliziba.

Wako mtiifu,
Mpangaji wa chumba cha tatu, kushoto