Pesa Iliyoingia Bila Kuombwa

  

Mwaka huu tulipokuwa tukifunga hesabu za ada, tulikutana na jambo. Kama mjuavyo, wazazi wengi siku hizi hawaleti ada mkononi, wanaituma kwa simu. Katika orodha ya miamala tukaona shilingi 4,310 ambazo hakuna mzazi aliyezituma. Ujumbe wake ulisema ni gawio la robo mwaka. Mmoja wetu akasema, "Alhamdulillahi, tumepata chaki." Mwanafunzi aliyekuwa akitusaidia kuandika majina akauliza, "Maalim, sasa hizi ni za nani?" Tukanyamaza. Makala haya ni jibu letu kwake na kwenu nyote.

Kwanza tujue pesa hizi zinatoka wapi. Kila shilingi unayoiona kwenye salio la simu yako lazima iwe na shilingi mwenzake iliyowekwa benki, katika akaunti maalumu ya amana, ili siku yoyote ukitaka kutoa, upate. Pesa za mamilioni ya wateja zikikusanyika huko, benki huzitumia na huilipa akaunti hiyo riba. Hapa Tanzania, mwaka 2014, kampuni ya Tigo ilianza kugawa kiasi hicho kwa watumiaji wa Tigo Pesa kila baada ya miezi mitatu, na kampuni nyingine zikafuata. Kwa jirani zetu wa Kenya, riba ya akaunti ya M-Pesa ilielekezwa kwenye kazi za hisani.

Je, hilo ni gawio kweli? Gawio ni fungu la faida ya biashara. Anayegawiwa faida ni mshirika, na mshirika hubeba hasara pia. Sisi tulishirikiana na nani, katika biashara gani? Tungekubali ada za watoto zipungue kwa sababu benki imepata hasara? Hata kidogo! Salio letu limedhaminiwa lote. Mali unayompa mtu aitumie, naye akadhamini kukurudishia kamili, wanazuoni wa fiqhi huihesabu kuwa ni karadha, na ziada inayoshurutishwa juu ya karadha ni riba. Kubadilisha jina hakubadilishi kitu. Ukimwita paka kuku, hatakutagia yai.

Wapo wanaosema, "Hatukushurutisha sisi, kampuni imetupa zawadi." Lakini kampuni haikutoa mfukoni mwake. Imepitisha tu riba ambayo benki ilikubaliana kulipa.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. PayPal ya Marekani iliwafungulia wateja wake mfuko mwaka 1999, na salio lao likanunua hati za madeni za muda mfupi zenye riba. Mwaka 2000 mfuko ule ulikuwa ukilipa zaidi ya asilimia 5 kwa mwaka. Viwango vya riba Marekani viliposhuka karibu na sifuri, malipo yalikauka, na mwaka 2011 mfuko ukafungwa. Tazameni: biashara ya PayPal ilikuwa ikikua, lakini faida ya mteja ilikufa. Kwa nini? Kwa sababu mama yake hakuwa biashara, alikuwa riba.

Hukumu ya riba mnaisoma darasani. Iko katika Suratul Baqarah, aya ya 275 mpaka 279, ambamo Mwenyezi Mungu amehalalisha biashara na kuharamisha riba. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Jidda ilipitisha mwaka 1985 kwamba riba ya benki ni riba ileile. Ni kweli kwamba mwaka 2002 Sheikh Muhammad Sayyid Tantawi wa Al-Azhar alikuwa na rai nyingine juu ya faida iliyopangwa ya benki. Hatumvunjii heshima, lakini wanazuoni wengi hawakukubaliana naye, nasi tunafuata wengi hao.

Basi tufanye nini?

Kwanza, tusiache kutumia simu. Kutuma na kupokea ni huduma, na ada yake ni ujira halali. Ila tusilundike salio kwa kungojea gawio.

Pili, kilichoingia bila kuombwa kisiliwe. Wengi wa wanazuoni wa zama zetu wanaelekeza kitolewe kwa wahitaji, kwa nia ya kujisafisha, si kwa kutafuta thawabu ya sadaka.

Tatu, vijana mjihadhari zaidi na kile mnachokiomba wenyewe. Huduma kama M-Shwari, iliyoanza Kenya Novemba 2012, humlipa riba anayeweka akiba, na kumtoza anayekopa asilimia 7.5 kwa siku 30. Gawio huja lenyewe, lakini hapa ni kidole chako ndicho kinachobonyeza "kubali". Anayetaka kuweka akiba asiseme hakuna njia. Amana Bank imekuwepo nchini tangu 2011, ikiendeshwa kwa misingi ya kisharia.

Wako watakaosema shilingi 4,310 ni kitu gani. Ni kweli, ni kidogo. Lakini mtoto anayeona walimu wake wakihalalisha kidogo kwa sababu ya chaki, kesho atahalalisha kikubwa kwa sababu ya nyumba.

Mwanetu, uliuliza hizi ni za nani. Si za madrasa. Tumezitoa, tukampa jirani anayedaiwa gharama za matibabu. Chaki tumechangishana walimu wenyewe, na ndizo zinazoandika ubaoni kwenu hivi sasa.

Mwenyezi Mungu atutosheleze kwa halali Yake na atuepushe na haramu. Amin. Wabillahi tawfiq.