Injini za Boti: Tuanze na Chuma Tulicho Nacho

KATIKA mialo mingi ya Ziwa Victoria, fedha ya kwanza kutolewa baada ya samaki kuuzwa ni ya petroli. Kinachosalia ndicho kinachogawanywa baina ya tajiri wa mtumbwi na wavuvi wake. Mwaka 2022, bei ya petroli ilipopita shilingi 3,000 kwa lita, aliyeumia zaidi ni yule anayesubiri mgao.

Kwa sababu hiyo tunaunga mkono jitihada za kuzibadili injini za petroli ili ziendeshwe kwa umeme. Wapo wanaodhani kuwa hili ni jambo la jana. Mfaransa Gustave Trouvé aliendesha mashua kwa mota ya umeme katika mto Seine mwaka 1881, kabla injini za petroli za kupachika hazijaenea duniani.

Kazi yenyewe haihitaji injini mpya. Fundi huondoa kichwa, yaani silinda, pistoni na kabureta, akabakiza mguu wenye mhimili, giya na rafadha. Mahali pa kichwa hufungwa mota, kisha hufuata kidhibiti mwendo, fyuzi, swichi na betri. Penye ugumu ni pale mota inapoungana na mhimili wa zamani. Kiungio kikikaa kombo hata kidogo, beringi hazidumu. Hiyo ni kazi ya kerezo, na vyuo vyetu vya ufundi vinafundisha kukereza chuma.

Hata hivyo, hatutaki wananchi wadanganywe. Injini ya nguvu farasi 15 ni sawa na kilowati 11. Ikiendeshwa kwa nguvu zake zote kwa saa moja hudai yuniti 11 za umeme. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba yuniti 1.2, na haifai kutumiwa zaidi ya nusu. Kwa hesabu hiyo zinahitajika betri 18 hivi, uzito wa karibu nusu tani kabla abiria hajapanda! Betri za lithiamu ni nyepesi zaidi, lakini bei yake humshinda mvuvi wa kawaida.

Ila hesabu hubadilika mwendo unapopungua. Chombo kizito cha mbao kikienda nusu ya mwendo wake, nguvu kinayohitaji hushuka hadi kama sehemu moja ya nane, yaani yuniti moja na nusu hivi kwa saa. Walimu wa fizikia wanaweza kulithibitisha hili mbele ya wanafunzi wao. Basi umeme unafaa safari fupi za taratibu: kuvusha walimu, wagonjwa na dawa baina ya visiwa vilivyo karibu. Anayefuata sangara mbali na nchi kavu asishauriwe leo kuuza injini yake, na hata huyo wa safari fupi asiache makasia nyumbani.

Lipo pia suala la kuchaji. Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, lakini megawati hizo hazimfai mtu ambaye mwalo wake hauna hata soketi moja. Mialo ya aina hiyo ipewe paneli za jua, na vyama vya ushirika vya wavuvi vikabidhiwe usimamizi wake.

Si haki gharama ya majaribio ibebwe na mvuvi kwa mkopo. Halmashauri zenye boti za idara ndizo zianze. Kila moja ibadili injini moja iliyochakaa, ofisa uvuvi aandike daftarini saa, yuniti na shilingi zilizotumika, pamoja na kila hitilafu, na hesabu hiyo ibandikwe mwaloni kila mwezi, mahali wavuvi wanapoweza kuisoma wenyewe.