Nyundo, Fuawe na Nasaba ya Msemo

Huko Ghubra, mtaa wa Maskati usio mbali na Msikiti Mkuu wa Sultani Qaboos, Kiswahili bado kina baraza zake. Katika baraza hizo husikika hoja iliyozoeleka hata ikaonekana elimu: kwamba mtu akisema yuko "baina ya nyundo na fuawe", amefasiri Kiarabu tu, kwa kuwa Waarabu husema vivyo hivyo kwa mitraqa na sindan. Msemaji husikilizwa kwa adabu, kahawa huongezwa, na msemo huulizwa ukoo wake kama bwana harusi aliyekuja kuposa.

Hoja hiyo ni dhaifu. Wafaransa wana nyundo na fuawe yao, Wajerumani nao wana yao, na hakuna anayewapeleka Basra kutafuta babu. Popote palipo na mhunzi, chuma hulazwa juu ya chuma na kupigwa kwa chuma. Mfano huo hauhitaji jahazi la kuuleta. Al-Idrisi, aliyekamilisha kitabu chake cha jiografia mwaka 1154, alikitaja chuma cha Malindi kuwa mali ya biashara. Nalo neno fuawe limezaliwa na kufua, kitenzi kile kile cha mfua chuma na mfua dhahabu.

Wapinzani wao, wale wa bara wenye ghera ya kukisafisha Kiswahili kwa kukipangusa Uarabu, wasishangilie mapema. Maneno kuwa ya kienyeji si ushahidi kwamba msemo ni wa kienyeji. Mfasiri naye hutumia maneno aliyo nayo. Yawezekana kabisa kwamba walioueneza ni waandishi wa habari, wanaofasiri usiku ili gazeti litoke asubuhi. Ikiwa ndivyo, kumeharibika nini? Dhiki ni neno la Kiarabu, na asili yake ni ufinyu. Hakuna Mswahili aliyewahi kuiahirisha dhiki yake mpaka ajue neno lilikotoka.

Kinachopotea katika ubishi huu wa nasaba ni maana. Misemo mitatu hutiwa kapu moja na kuandikiwa fasili moja, "kuwa katika hali ngumu", na kila mmoja hudhulumiwa. Aliyeruka jivu akakanyaga moto alikuwa na nafasi ya kuchagua, akachagua, akaharibikiwa. Lawama ni yake, au ya bahati yake. Kusuka au kunyoa ni jambo jingine. Msemo huo unatoka kwenye mkeka wa uani, ambapo aliyekwisha kukaa chini na kufumua nywele hawezi kuondoka hivyo hivyo: ama asukwe, ama anyolewe. Hapo hakuna hasara ya lazima, kinachokatazwa ni kusitasita. Ndiyo maana kurasa za michezo za Tanzania huutumia kwa mechi ya mwisho, ambayo timu yaweza kushinda.

Aliye baina ya nyundo na fuawe hakuulizwa. Kimoja kinampiga, cha pili kinakataa kusogea, na vyote viwili ni vya fundi mmoja. Kati ya misemo hii mitatu, huu peke yake ndio wa mtu asiye na njia ya kushinda.

Tofauti hiyo inawahusu watu wa Ghubra kuliko wanavyokiri. Wengi wao ni wa koo zilizoondoka Unguja na Pemba baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, wakati ambapo kuitwa Mmanga kulitosha kuyatia maisha ya mtu hatarini. Baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa ng'ambo warudi, walirudi na elimu yao na Kiingereza chao, wakafanya kazi katika wizara, hospitali na mafuta, wakaitwa Wazinjibari. Kule walikuwa Waarabu mno. Huku hawakuwa Waarabu wa kutosha. Hiyo ni nyundo na fuawe. Lakini wao husemeshwa kana kwamba ni kusuka au kunyoa: chagueni lugha moja, muwe watu wa upande mmoja.

Basi mzee anayeng'ang'ania kwamba kila msemo wa mama yake ni tafsiri ya Kiarabu hafanyi isimu. Anaonyesha pasipoti mahali ambapo hakuna askari anayeiomba tena. Na wanaomlipa gharama ni wajukuu, wanaomwelewa bibi akiwasemesha Kiswahili na kumjibu kwa Kiarabu au Kiingereza, kwa kuwa wamekulia kusikia kwamba lugha yake ni nakala ya lugha nyingine. Mtoto hajibidiishi kujifunza nakala ilhali asili iko shuleni.

Wenye hamu ya asili wangeanza na bibi huyo. Wamuulize alisema nini alipokwama, na nani, katika sentensi gani, jikoni au msibani, na alipolitamka neno fuawe alikuwa ameiona fuawe yenyewe wapi. Waandike majibu yake kwanza. Mitraqa na sindan zitangoja; zina makamusi ya kuzihifadhi.