Akiba Inayooza

Wahenga walisema akiba haiozi. Walikuwa na nafaka na fedha akilini, na hata kwa nafaka walituficha habari za dumuzi. Lakini hawakuwahi kupanda ngazi ya kuingia darini mwa nyumba ya Mwingereza au Mmarekani aliyestaafu, mpenzi wa modeli za plastiki. Humo wangekuta maboksi mia tatu, mia tano, pengine elfu moja, yamepangwa hadi kwenye kenchi: ndege za kivita, vifaru, manowari, magari ya mashindano. Yote mapya. Hakuna hata moja lililoundwa. Mwenyewe ana miaka sabini na kitu na mikono imeanza kutetemeka.

Kwa asiyeijua hobi hii, ndani ya boksi la modeli mna vipande vya plastiki vilivyoshikamana kwenye fremu, karatasi ya maelekezo, na karatasi nyembamba ya alama za kubandika kwa maji. Unakata, unakwangua, unagandisha kwa gundi, unapaka rangi. Ukimaliza una ndege ya Spitfire ya kipimo cha 1/72, inayokaa kiganjani, ambayo rubani wake akisimama ana urefu wa sentimita mbili na nusu. Usipoanza, una boksi.

Maboksi haya yasiyofunguliwa yana soko lake la mitumba, kubwa na kongwe: meza za maonyesho, minada ya mtandaoni, maduka yanayonunua hazina za marehemu. Na soko hilo sasa linadoda. Wauzaji wanalalamika kwamba boksi lililogombaniwa zamani linahama meza hadi meza, mwaka hadi mwaka, bei ikishuka kidogo kidogo bila mtu kuuliza. Wanaomboleza kana kwamba hobi yenyewe iko mahututi. Mimi nasema msiba huu hauna maiti. Soko hili lilijengwa juu ya kukithamini kitu kwa sababu hakijatumika, na kadiri linavyopoa ndivyo maboksi yanavyoikaribia tena kazi yaliyotengenezewa.

Tukumbuke yalikotoka. Airfix ilianzishwa London mwaka 1939 na Nicholas Kove, mhamiaji kutoka Hungaria, ikaanza na midoli ya mpira ya kujazwa upepo, kisha vitana vya plastiki. Mwaka 1952 ikatoa meli ya Golden Hind, vipande ndani ya mfuko wa plastiki wenye karatasi juu, ikauzwa katika maduka ya Woolworths kwa shilingi mbili. Mfuko ulitumika badala ya boksi ili bei isipande. Shilingi mbili ilikuwa bei ya kumfikia mtoto. Hakuna aliyewaza kwamba mtoto huyo angeutunza mfuko miaka sitini bila kuugusa. Alitarajiwa kuufungua njiani, kabla hajafika nyumbani. Kule Shizuoka, Japani, Tamiya iliyoanza na biashara ya mbao baada ya vita iliingia kwenye modeli za plastiki mwaka 1960 na manowari Yamato. Hiyo nayo ilikuwa bidhaa ya kuundwa.

Thamani ya boksi lililofungwa ilikuja baadaye, na ilizaliwa na hofu. Modeli hutengenezwa kwa kusukuma plastiki iliyoyeyushwa ndani ya kalibu za chuma, na kalibu huchakaa, huuzwa, hupotea. Aurora ya Marekani ilikufa miaka ya 1970. Airfix yenyewe ilifilisika mwaka 1981, ikaanza kupita mkono kwa mkono. Watoto wa miaka ya 1960 walikuwa sasa watu wazima wenye mishahara. Wakainunua ile ndege ambayo mama alikataa kuwanunulia, kisha wakanunua ya pili, isije ikaadimika. eBay ilipoanzishwa mwaka 1995 na minada ikahamia mtandaoni, kila boksi likapata bei mbele ya dunia nzima. Hobi ya mikono ikawa hobi ya kuwahi.

Kanuni ya soko hilo ni moja: ukifungua, umepoteza. Vifuko vya ndani vikiwa vimezibwa, bei iko juu. Kipande kimoja kikishakatwa kwenye fremu, bei inashuka. Na modeli ikiisha kuundwa na mtu wa kawaida, ikapakwa rangi kwa uangalifu, kazi ya miezi miwili ya jioni na jioni, mara nyingi huuzwa kwa fedha ndogo kuliko boksi lake lingeuzwa likiwa limefungwa. Yaani soko linamwambia mwundaji kwamba mikono yake imeharibu mali. Sijui tusi kubwa kuliko hilo kwa fundi.

Sisi tuliokulia penye mitumba tunaijua biashara ya vitu vilivyopita mikononi mwa wengine. Shati la Karume au Gikomba lina thamani kwa sababu bado linavalika. Jirani hakuulizi kama kuna aliyelivaa kabla yako. Anakuuliza ulilipata kwa bei gani. Unalivaa, unamrithisha mdogo wako, mwishowe linakuwa tambara la kupigia deki. Mtumba wa modeli ni kinyume chake kabisa: unaweza kupita mikononi mwa watu watano, na wote watano wakawa hawakuutumia. Kila mmoja alimtunzia anayefuata, na anayefuata naye akatunza.

Sasa anayefuata hayupo, na sababu zake hazihitaji mganga. Ya kwanza ni umri. Kizazi kilichokusanya kwa pupa kinazeeka kwa pamoja, kinahamia nyumba ndogo kwa pamoja, kinafariki kwa pamoja. Kila mwenye hazina anatafuta mnunuzi, na mnunuzi anayemfikiria ni mwenzake mwenye hazina, ambaye naye anatafuta mnunuzi.

Ya pili ni kwamba viwanda havikulala. Siku hizi modeli huchorwa kwa kompyuta, na vipande huingiana kwa namna ambayo kalibu za miaka ya 1960 hazikuweza. Airfix, iliyo chini ya Hornby tangu mwaka 2006, imezichora upya nyingi kati ya ndege zake za zamani. Na kalibu kongwe zenyewe nazo zinarudishwa kazini kwa ajili ya wanaokumbuka utoto. Adimu ya jana inachapishwa upya leo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na boksi la zamani lenye ndege isiyofanana vizuri na ndege limeanza kujitembeza.

Ya tatu ni posta na forodha. Tangu Januari 2021 Uingereza hutoza kodi ya ongezeko la thamani hata kwa vifurushi vidogo vinavyotoka nje. Julai mwaka huohuo Umoja wa Ulaya ukafuta msamaha wa vifurushi vya chini ya yuro 22. Marekani nayo ikasimamisha msamaha wake wa dola 800 tarehe 29 Agosti 2025. Boksi la modeli lina upepo mwingi kuliko plastiki, na sasa gharama ya kulisafirisha inaweza kuizidi bei yake.

Na ya nne ndiyo inayomuumbua mhenga wetu: akiba hii inaoza kwelikweli. Karatasi za alama hugeuka manjano. Wazoefu huzibandika kwenye kioo cha dirisha wiki kadhaa wakitumaini jua litazisafisha. Minyororo ya mpira ya vifaru hukakamaa na kukatika. Matairi laini ya baadhi ya magari ya zamani huila plastiki yanayoigusa, yakaacha shimo lililoyeyuka pale ambapo palikuwa na rimu. Mtu analipa bei ya kitu kipya, analetewa kitu kilichozeeka gizani.

Watakuja wa kunijibu. Wa kwanza atasema: boksi lililofungwa ni historia. Atanitajia picha za vifuniko, hasa za Roy Cross, aliyeanza kuichorea Airfix mwaka 1964, na atakuwa na haki ya kuzisifu. Zilimfanya mtoto asikie mngurumo wa injini akiwa amesimama dukani. Lakini kifuniko hakihitaji plastiki ibaki chini yake ili kipendeze. Unda ndege, hifadhi kifuniko. Na tukihitaji maboksi kamili kwa ajili ya kumbukumbu, makumbusho yanahitaji machache. Hakuna historia inayohitaji nakala elfu moja darini mwa mtu mmoja.

Wa pili atasema: kumiliki nako ni raha. Kupanga, kuchagua, kuota kazi ijayo. Kwa huyu sina ugomvi mkubwa. Kila fundi ana haki ya kuwa na kazi tatu nne mbele yake. Lakini tupige hesabu. Mwenye maboksi mia sita anayemaliza modeli sita kwa mwaka anahitaji miaka mia moja. Wenyewe wanalijua hili na wana utani wao: akiba yangu imezidi umri uliobaki. Wanacheka, kisha wananunua lingine. Utani wa aina hii ni njia ya kukiri jambo bila kulazimika kulibadili. Na anayesema anakusanya kwa raha asigeuke kesho akadai soko limfidie. Raha uliipata. Bei hukuahidiwa na mtu.

Hapa ndipo penye uzito wa suala hili, maana anayelipa mwishowe si mkusanyaji. Mkusanyaji alijua bei ya kila boksi. Mjane wake anajua uzito tu. Aliambiwa kwa miaka thelathini kwamba kule juu kuna pensheni ya pili. Anamwita mnunuzi, mnunuzi anapanda ngazi, anashuka, anataja bei ya jumla iliyo sehemu ndogo ya ile aliyoitarajia. Na huenda mnunuzi si mwizi: naye atayalipia ghala, atayasubirisha miaka, na mengine hayatauzika. Mali bila daftari huisha bila habari, ila hapa hata yenye daftari inaishia vilevile, kwa sababu daftari lilijazwa bei za mwaka ambao watu walikuwa bado wanagombania. Mjane anabaki akijiuliza ni nani aliyemdanganya, mnunuzi au marehemu. Hilo si swali la kumwachia mtu uliyempenda.

Tusiseme basi kwamba vijana wameua hobi. Vijana wanaunda. Katuni ya Mobile Suit Gundam ilionyeshwa Japani mwaka 1979, mwaka uliofuata Bandai ikatoa modeli za roboti zake, na leo roboti hizo zinapachikwa bila gundi na kuuzwa dunia nzima. Games Workshop ya Nottingham, inayouza askari wadogo wa Warhammer wa kuunda na kupaka rangi, iliingia Desemba 2024 katika orodha ya kampuni mia moja kubwa za soko la hisa la London. Hiyo si dalili ya vidole vilivyosahau kazi. Wanaunda kwa sababu kuna Jumamosi watakutana mezani na askari wao. Nao wana malundo yao ambayo hawajayagusa, lakini jina walilolipa ni lundo la aibu. Wazee wao waliita hazina. Napendelea jina la vijana, kwa kuwa aibu humsukuma mtu kuchukua kisu na gundi, na hazina humsukuma kutafuta kufuli.

Kwa hiyo bei na zishuke. Zishuke hadi kijana mwenye fedha ya mfukoni aweze tena kununua ndege ya kukosea: ya kumwagia gundi kwenye kioo cha rubani, ya kubandika alama upande upande, ya kujifunzia. Hakuna anayejifunza kwenye boksi la bei ya mshahara wa wiki, analiogopa. Boksi likishuka hadi bei ya chakula cha mchana, woga unaisha na kazi inaanza. Mwenye mia sita achague ishirini ambazo mikono yake bado inaziweza, nyingine azigawe akiwa hai, kwa klabu, kwa shule, kwa mtoto wa jirani, na aone kwa macho yake zikifunguliwa. Atakayesubiri bei irudi atayasubiri na matairi yake yakila rimu.

Na wewe unayesoma haya ukiwa mbali na Shizuoka na Nottingham, usicheke sana. Kuna kabati sebuleni kwenu lenye vikombe vya maua ambavyo mgeni wake hajafika tangu ukiwa darasa la pili. Kuna kitambaa kilichokunjwa kinachosubiri sherehe, na daftari zuri ulilonunua likakushinda kuandika kwa sababu ni zuri. Havitapanda bei. Toa vikombe, vioshe, mnywee chai leo. Kimoja kikivunjika, kitakuwa kimevunjika kikiwa kazini.